Jinsi ya kuwasha konsoli ya siriali kwenye seva iliyo mbali na wewe

Kila baada ya siku chache kuna mtu ananitumia swali lile lile. "Mkuu nimefanya apdeti nikarebuti, SSH haishiki, hata ping hamna, nifanyeje?" Namuuliza konsoli unayo? Ananijibu ninayo, nimefungua imekuja nyeusi tupu. Haya, nimechoka kuandika majibu yale yale kipande kipande kwenye WhatsApp, nayaweka yote hapa.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuumia. Seva iko Dar, mimi niko Mwanza msibani, nikaongeza mstari mmoja kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kupachikwa seva ikiwaka), nikakosea herufi moja ya UUID (kitambulisho cha diski), nikarebuti saa nne usiku. Haikurudi. Nikafungua ile konsoli ya picha kwenye brauza kwa bando la simu, picha ikawa inakuja vipande vipande, nabonyeza herufi moja inatokea tatu, na bando likaisha kabla sijaingiza paswedi. Asubuhi ikabidi kijana wa datasenta aende na monita na kibodi kurekebisha kitu ambacho mimi ningekimaliza kwa dakika mbili. Konsoli ya siriali ni maandishi matupu. Hata ikikimbia kasi yake yote ya 115200 haizidi baiti 11,520 kwa sekunde, na muda mwingi haitumi kitu. Mtandao mbovu wa simu unaibeba vizuri tu.

Mfano wangu hapa ni seva ya Supermicro yenye Debian 12, maana ndiyo nimeishika sana. Dell na HPE nitazitaja zinapotofautiana, na Ubuntu, AlmaLinux na Rocky pia.

Kitu kimoja cha kuelewa kwanza

Ndani ya seva kuna kakompyuta kadogo kanaitwa BMC. Kana IP yake na kanawaka hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Dell wanakaita iDRAC, HPE wanakaita iLO. Haka kanajifanya kifaa kilichochomekwa kwenye poti ya siriali ya seva, halafu chochote kinachotoka kwenye poti ile kanakuletea kwa mtandao. Jina lake ni SOL (Serial over LAN), na imo kwenye IPMI 2.0, itifaki ya kuongea na BMC, tangu 2004.

Sasa wanaoandika kwenye poti hiyo ni wanne tofauti: BIOS, GRUB (inayopakia kerneli), kerneli (kiini cha Linux), na getty yaani yule anayekuletea neno login. Kila mmoja ana mpangilio wake na hakuna anayemuuliza mwenzake. Wote wanne lazima wakubaliane poti ipi na kasi ipi. Mtu anaweka kwa BIOS peke yake, anaona maandishi mwanzoni halafu giza, anasema SOL mbovu. Si mbovu, BIOS imemaliza zamu yake na uliowaacha nyuma hawajui kama upo.

Andaa hivi kabla ya kugusa kitu

- SSH ya root au sudo kwenye seva ikiwa bado hai. Hii kazi inafanywa siku ya amani.
- IP ya BMC, pamoja na njia ya kuifikia: VPN au mashine nyingine iliyo kwenye mtandao huo wa ndani.
- `ipmitool` kwenye seva yenyewe na kwenye hiyo mashine ya kupitia.
- Konsoli ya picha ya BMC kwenye brauza, itahitajika mara moja tu kwa ajili ya BIOS.
- Ruhusa ya kurebuti mara mbili tatu. Usifanye hivi kwenye seva ya malipo mwisho wa mwezi.

Onyo ambalo sitalirudia: BMC isiwe na IP ya wazi intaneti. Kamwe. IPMI 2.0 ina ubovu wa kimaumbile unaojulikana tangu 2013, ambapo BMC inamkabidhi mtu yeyote anayeomba heshi ya paswedi ya yuza kabla hajathibitisha yeye ni nani, kisha anaenda kuivunja nyumbani kwake taratibu. Hakuna apdeti ya kuondoa hilo kwa sababu ndivyo itifaki ilivyoandikwa. Dawa ni kuificha nyuma ya VPN na paswedi ndefu. Na kama bado unatumia root na calvin, yuza na paswedi ya kiwandani, kwenye Dell, acha kusoma nenda kabadilishe kwanza halafu rudi.

Hatua zenyewe

Miongozo mingi inaanza na BIOS. Mimi naanza na upande wa OS kwa sababu haudai kurebuti, unajaribu kila tabaka likiwa hai, na ukikosea bado uko ndani na SSH yako.

1. Tengeneza yuza wa konsoli kwenye BMC

Ingia kwenye seva kwa SSH:

```
apt install ipmitool
modprobe ipmi_si
modprobe ipmi_devintf
ipmitool lan print 1
ipmitool user list 1
```

Ile 1 ni namba ya chaneli. Supermicro na Dell kwa kawaida ni 1, ikigoma jaribu 2. Angalia IP uliyoona ndiyo unayoitegemea, kuna watu wamehangaika nusu siku na BMC ya seva ya jirani.

Chagua namba ya yuza iliyo wazi, hapa nachukua 3:

```
ipmitool user set name 3 konsoli
ipmitool user set password 3
ipmitool channel setaccess 1 3 link=on ipmi=on callin=on privilege=3
ipmitool user enable 3
ipmitool sol payload enable 1 3
```

Paswedi ikizidi herufi 16 amri ya kawaida inakukatalia, inabidi uiandike kwenye mstari wa amri na kuongeza 20 mwishoni, na 20 ndiyo dari ya IPMI 2.0. Privilege 3 ni opereta. Huyu anaweza kufungua konsoli na kuwasha au kuzima seva, ila hawezi kubadilisha mayuza wengine wala mtandao wa BMC. Inatosha.

Ule mstari wa `sol payload enable` ndio unaosahaulika kuliko yote. Bila huo yuza anaingia vizuri kabisa, `power status` inajibu, lakini SOL inamkataa, na wewe unabaki kulaumu paswedi.

2. Weka kasi upande wa BMC

```
ipmitool sol set enabled true 1
ipmitool sol set volatile-bit-rate 115.2 1
ipmitool sol set non-volatile-bit-rate 115.2 1
ipmitool sol set privilege-level operator 1
ipmitool sol info 1
```

Volatile ni ya sasa hivi, non-volatile ndiyo inabaki BMC ikizimwa ikawashwa. Weka zote mbili. Nilishaweka moja tu, ikafanya kazi miezi, umeme ukakatika datasenta nzima, na siku hiyo ndiyo naihitaji nikaletewa takataka za herufi.

Kwa nini 115200? Kwa sababu 9600 ni baiti 960 kwa sekunde, dmesg (ujumbe wa kerneli) ya kilobaiti 100 inachukua karibu dakika mbili kushuka, na mbaya zaidi kerneli ikiwa na mengi ya kusema inasubiri poti, kwa hiyo seva nzima inawaka kwa mwendo wa kobe.

3. Fungua SOL kutoka nje

Sasa nenda kwenye mashine ya kupitia, siyo seva yenyewe:

```
read -rs IPMI_PASSWORD; export IPMI_PASSWORD
ipmitool -I lanplus -H 10.20.0.15 -U konsoli -E -L OPERATOR sol activate
```

Hiyo `read -rs` ni ili paswedi isibaki kwenye historia ya shell. `-I lanplus` ni lazima, ukiweka `lan` tupu SOL haifanyi kazi. `-L OPERATOR` nayo ni lazima kwa huyu yuza wetu, kwa sababu ipmitool usipoiambia kitu inaomba uadmini, BMC inaona opereta anajikweza, inakufungia mlango na kosa lisiloeleweka.

Ukiona `[SOL Session operational. Use ~? for help]` umefika. Chini yake patupu, hiyo ni sawa kwa sasa, hakuna aliyeandika kitu bado.

Kutoka: bonyeza Enter, halafu `~.` yaani tilde na nukta. Lakini kama umefika kwenye mashine ya kupitia kwa SSH, SSH nayo inatumia tilde nukta, utajikuta umekata SSH na SOL imebaki inaning'inia. Hapo andika `~~.` tilde mbili. Wanaotumia simu na Termux (terminali ya Android) kama mimi nikiwa safarini, tilde kwenye kibodi ya simu ni mateso, wekeni `-e '&'` kwenye amri halafu kutoka inakuwa `&.`

HPE ni rahisi zaidi, unaingia iLO kwa SSH unaandika `vsp`, kutoka ni Esc halafu mabano ya kufungua `(`. Dell nayo unaweza kuingia iDRAC kwa SSH na kuandika `console com2`, kutoka ni Ctrl na `\`.

4. Tafuta poti ni ipi

Hapa usikisie. SOL ikiwa wazi kwenye dirisha moja, dirisha lingine uko kwenye seva kwa SSH:

```
dmesg | grep ttyS
cat /proc/tty/driver/serial
```

Zilizoandikwa `uart:unknown` hazipo, achana nazo. Zilizobaki zijaribu moja moja:

```
stty -F /dev/ttyS0 115200; echo "hii ni S0" > /dev/ttyS0
stty -F /dev/ttyS1 115200; echo "hii ni S1" > /dev/ttyS1
```

Itakayotokea kwenye dirisha la SOL ndiyo yako. Kwangu ni ttyS1, na kwenye Supermicro na Dell nyingi itakuwa hiyo hiyo kwa sababu ttyS0 ni ile soketi halisi nyuma ya mashine. Kinachokera ni namba: BIOS inahesabu kuanzia 1 na Linux inaanzia 0, kwa hiyo COM2 ni ttyS1. Mtu anaona COM2 anaandika ttyS2, basi jioni nzima imepotea.

Kama hakuna kinachotokea kwenye yoyote, poti ya SOL imezimwa kwenye BIOS, nenda hatua ya 7 kwanza kisha urudi hapa.

5. Washa login

```
systemctl enable --now serial-getty@ttyS1.service
```

Rudi kwenye SOL, gonga Enter mara moja mbili, login ije. Ingia. Hujarebuti hata mara moja na tayari una mlango wa pili, ukijifungia nje kwa `iptables` leo unaingia kupitia huku. Wengi wanaishia hapa wakidhani wamemaliza, na ndio hao hao watanipigia mashine ikikwama kwenye kuwaka, kwa sababu getty inaanza mwisho kabisa baada ya kila kitu kwenda sawa.

6. Kerneli na GRUB

Fungua `/etc/default/grub`, kwanza toa nakala, kisha iwe hivi:

```
GRUB_TIMEOUT=10
GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT=""
GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS1,115200n8"
GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --speed=115200 --unit=1 --word=8 --parity=no --stop=1"
```

Halafu `update-grub`.

Mpangilio wa zile `console=` mbili una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ujumbe wa kerneli unakwenda kote kuwili, ila ya mwisho kwenye mstari ndiyo inakuwa `/dev/console`, na huko ndiko systemd inaongea wakati wa kuwaka, ndiko fsck (ukaguzi wa diski) inalalamika, ndiko promti ya hali ya dharura inatokea. Ukimalizia na `tty0` utaona maandishi ya kerneli vizuri yanapita kwenye SOL, unafurahi, kisha siku fstab imekosewa seva inakuuliza paswedi ya matengenezo kwenye skrini ya monita ambayo haipo, na wewe kwenye SOL unaona imeganda. Ile ya siriali iwe ya mwisho.

`quiet` na `splash` nimeziondoa makusudi. Picha ya kuwaka haina kazi kwenye seva, na kimya ndicho hutaki.

Sekunde 10 za GRUB ni kwa sababu Ubuntu Server kwa kawaida inaficha menyu, unakuta kerneli mpya ina kasoro, unataka ile ya jana, menyu imepita kabla ya macho yako. Halafu Ubuntu iliyotengenezwa kwa picha ya klaudi ina faili jingine, `/etc/default/grub.d/50-cloudimg-settings.cfg`, linalosomwa baadaye na linafuta ulichoandika. Umebadilisha na haibadiliki? Angalia humo.

AlmaLinux na Rocky msihangaike kuhariri, upande wa kerneli ni amri moja:

```
grubby --update-kernel=ALL --args="console=tty0 console=ttyS1,115200n8" --remove-args="rhgb quiet"
```

Mistari ya GRUB_TERMINAL na GRUB_SERIAL_COMMAND bado mnaiweka kwenye faili, kisha `grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg`.

Kabla hujarebuti, jambo ambalo limewaumbua wengi: root ina paswedi? Ubuntu inafunga akaunti ya root, na Debian nayo inaifunga kama uliacha paswedi ya root wazi wakati wa kuinstoli. Hali ya dharura inamhitaji root tu, sudo hairuhusiwi kujibu pale. Utafika mlangoni uandikiwe `Cannot open access to console, the root account is locked`. Kwa hiyo `passwd root`, weka ndefu, tunza kwenye sehemu yako ya paswedi. SSH haiathiriki kama `PermitRootLogin` umeiacha `prohibit-password` au `no`.

7. BIOS

Fungua ile konsoli ya picha, rebuti, ingia BIOS. Supermicro: Advanced, kisha Serial Port Console Redirection. Utaona COM1 na nyingine imeandikwa SOL, au COM2/SOL kwa bodi za zamani. Hiyo ya SOL ndiyo unawasha. Ndani ya mipangilio yake:

- Terminal Type: VT100+ au VT-UTF8
- Bits per second: 115200
- Data bits 8, Parity None, Stop bits 1
- Flow Control: None

Dell ni System BIOS, Serial Communication, unachagua On with Console Redirection via COM2, na Failsafe Baud Rate unaweka 115200. Dell wana mpangilio mwingine pale pale wa Serial Port Address unaoweza kubadilishana COM1 na COM2. Ukiugusa huo, rudia hatua ya 4, maana ttyS nayo imehama.

Kuna kitu kinaitwa Redirection After BIOS POST, Dell wanaandika Redirection After Boot. Hiki kinaamua kama BIOS iendelee kujiingiza baada ya kumaliza kazi yake. Kwa kuwa GRUB na kerneli zetu tayari zinajua njia, Dell izime, Supermicro weka BootLoader. Ukiiacha wazi mnaongea wawili kwa mdomo mmoja.

8. Rebuti ukiwa unaangalia

Fungua SOL kwanza, ndipo urebuti. Unatakiwa uone kwa mfululizo: maandishi ya BIOS, menyu ya GRUB, kerneli, systemd, login. Palipo na giza ndipo pana kosa, na kwa kuwa ulijaribu kila tabaka peke yake unajua ni faili gani.

Ikishawaka thibitisha:

```
cat /proc/cmdline
cat /sys/class/tty/console/active
```

Ya pili itoe `tty0 ttyS1`.

9. Ivunje kwa makusudi

Hii watu hawaifanyi. Rebuti tena, kwenye GRUB kupitia SOL bonyeza `e`, shuka kwenye mstari unaoanza na `linux`, mwishoni ongeza:

```
systemd.unit=emergency.target
```

Kisha Ctrl-x. F10 kwenye siriali mara nyingi haifiki, usiitegemee. Mashine itakwama kwa hiari yako na kukuomba paswedi ya root. Ingia, andika `mount -o remount,rw /`, fungua fstab kama vile unarekebisha, funga, `reboot`. Mabadiliko ya GRUB ya namna hii ni ya safari moja, ikirudi inarudi kawaida. Mimi baada ya ule usiku wa Mwanza siikabidhi seva kwa mteja kabla sijafanya hili zoezi, na diski zote zisizo za lazima kwenye fstab naziwekea `nofail`, seva iwake hata isipozipata.

Faida nyingine utakayoigundua hapa: kama diski umeifunga kwa LUKS (usimbaji wa diski), ombi la paswedi ya kuifungua linakuja hapo hapo kwenye SOL. Hakuna haja ya kusafiri.

Mambo ya kuchunga ukishaanza kuitumia

Ukikata SOL hujatoka kwenye seva. Ni kama kuchomoa monita, shell ya root imebaki wazi na anayekuja baada yako anaikuta ya moto. Andika `exit` kwanza, ndipo tilde nukta. Na kwa usahaulifu wa kibinadamu weka `TMOUT=600` kwenye `/root/.bashrc`.

SOL ni ya mtu mmoja kwa wakati. Kwenye timu kubaliana nani yuko ndani.

Seva ikiganda kabisa hata login haijibu, kuna njia ya upole zaidi kuliko kukata umeme. Kwenye ipmitool bonyeza Enter, `~B` inatuma break, halafu ndani ya sekunde tano bonyeza `s`. Rudia na `u`, kisha `b`. Ya kwanza inaandika data diskini, ya pili inafanya diski zisomwe tu, ya tatu inarebuti papo hapo bila kuuliza. Ubuntu na Debian zinaziruhusu hizi tatu bila kubadilisha kitu. Usijaribu `b` kwa udadisi, haina "una uhakika?"

Ikigoma

*`Unable to establish IPMI v2 / RMCP+ session`.* Kwanza mtandao: poti ya UDP 623 imefunguliwa kwenye fayawoli ya VPN? Wengi wanafungua TCP. Pili umesahau `-L OPERATOR`. Tatu seti ya usimbaji (cipher suite), jaribu kuongeza `-C 17`, na kwa mashine za zamani `-C 3`. Paswedi iwe ya nne kushuku.

*`SOL payload already active on another session`.* Mtu yuko ndani, au ni wewe wa jana ulikatika na mtandao. Amri ile ile lakini mwisho iwe `sol deactivate`, kisha fungua upya. Uliza kwanza kama kuna mwenzako, usimkate mtu katikati ya fsck.

*Inaunganishwa halafu inajikata, au hata deactivate haisaidii.* BMC yenyewe imechanganyikiwa, inatokea ikikaa imewaka miaka. `ipmitool mc reset cold` inairebuti BMC peke yake, seva inaendelea na kazi. Subiri dakika mbili tatu kabla hujapaniki.

*Herufi za ajabu ajabu, alama za maswali, maboksi.* Kasi hazilingani. Pitia sehemu zote: `sol info`, BIOS, `GRUB_SERIAL_COMMAND`, `console=`. Takataka zikianzia kwenye GRUB basi kosa liko GRUB, yaani angalia zinapoanzia.

*Herufi mbili mbili, rroooott.* BIOS na GRUB zote zinaandika. Kwenye mashine zinazowaka kwa UEFI inatokea sana hata ukiweka Redirection sawa, kwa sababu ile `console` ya GRUB inapita kwenye UEFI, na UEFI nayo inaielekeza siriali. Suluhisho ni kumwachia mmoja: weka `GRUB_TERMINAL="console"` peke yake, `update-grub`, basi.

*BIOS na GRUB naziona, kerneli hamna, mwishoni login inakuja.* `console=` haijaingia kwenye mstari wa kerneli. Angalia `/proc/cmdline`, pengine umesahau `update-grub`.

*Kerneli naiona, login hamna.* `systemctl status serial-getty@ttyS1`. Kama iko hai na patupu, gonga Enter, login iliandikwa kabla hujafungua SOL.

*F2, Del na F12 hazifanyi kitu.* Siriali haina vitufe hivyo, vinatumwa kwa Esc. Dell: Esc kisha 2 ni F2, Esc kisha 0 ni F10, Esc kisha `!` ni F11, Esc kisha `@` ni F12. Supermicro badala ya Del jaribu Esc kisha kistari `-`. Zifuatanishe haraka haraka, ukichelewa zinahesabiwa vitufe viwili tofauti.

*vim imevurugika, mistari inapanda juu ya mistari.* Siriali haijui ukubwa wa dirisha lako. Ukishaingia andika `export TERM=vt220` na `stty rows 40 cols 120`, badilisha namba zilingane na dirisha lako.

*SOL inakatika kila kerneli inapoanza, sekunde kadhaa, halafu inarudi.* BMC yako inatumia waya mmoja na kadi ya mtandao ya seva, draiva ikianza inaiweka upya kadi na wewe unaanguka nayo. Kama bodi ina soketi ya peke yake ya BMC mwambie mtu wa datasenta achomeke waya huko, na kwenye ukurasa wa mtandao wa BMC uchague Dedicated.